Kumpoza Shahidi

Wengine wakinusa ubani humkumbuka Mungu. Mimi humkumbuka nikinusa mavi ya popo. Msinicheke. Juzi nilikuwa kazini Nairobi, nimeingia stoo ya jengo letu kuukuu kutafuta kiti, harufu ile ikanipiga puani: kali, ya chumvichumvi, yenye vumbi la miaka mingi ndani yake. Nikabaki nimesimama nimeshika mgongo wa kiti, machozi yananilengalenga. Mlinzi akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Ningemweleza nini? Kwamba nimerudi kanisani kwetu, mimi ni mtoto wa miaka tisa, na nina kisu mfukoni mwa gauni?

Kanisa lenyewe ni kigango tu, kanisa dogo la kijijini ambalo padri hulifikia mara moja moja. Liko kati ya Malaba na Moding, mahali ambapo watu wakinyamaza kusali unasikia malori ya foleni ya mpakani yakinguruma. Lilijengwa na padri Mzungu aliyeondoka kabla sijazaliwa. Alitaka Wateso wasali ndani ya nyumba inayofanana na zao, basi akalijenga mviringo, kwa matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa na waumini wenyewe. Nia yake ilikuwa njema, Mungu ambariki, ila nyumba zetu ziliezekwa kwa nyasi, naye akaezeka kwa mabati. Dari hakuweka. Kufika saa sita mchana mabati yalikuwa yakitanuka kwa joto na kulia ta! ta!, na sisi watoto tuliambiana kwamba kila mlio ni dhambi ya mtu mmoja inayoandikwa mbinguni. Nilikuwa nikizihesabu na kujiuliza ipi ni yangu.

Madirisha hayakuwa madirisha hasa. Fundi alikuwa ameruka matofali hapa na pale hadi pakabaki matundu yenye umbo la msalaba, na upepo ulipita hapo tu. Akina mama wazee walikuwa wakifika mapema kugombania viti vya karibu na matundu hayo, kisha wanakaa na rozari mikononi kama vile hawakusukumana na mtu. Sakafu ilipakwa rangi nyekundu iliyokuwa ikiachia, kwa hiyo ukikutana njiani na mtu mwenye magoti mekundu ulijua ametoka kwetu. Na juu kabisa, pale mabati yalipokutana kwenye ncha, ndipo walipoishi popo. Kwaya ilipopandisha sauti, nao walijibu.

Lakini utajiri wetu ulikuwa ukutani nyuma ya altare. Kulikuwa na kishubaka chenye mlango wa kioo, na ndani yake kijisanduku cha shaba, mviringo, chenye kioo mbele, cha kutosha kiganjani. Humo ndimo mlimokuwa na masalia, yaani kipande cha mfupa wa shahidi mmoja kati ya wale vijana wa Uganda waliouawa kwa ajili ya dini. Papa, ndivyo Wateso tunavyomwita baba, ndiye aliyekuwa katekista wa kigango, na ndiye aliyetuonyesha siku ya kwanza ya mafundisho ya komunyo. Nilikuwa nimetarajia angalau mguu mzima. Nikaona kitu kama punje ya mtama. Haki nilivunjika moyo. Papa akakigeuza kijisanduku, akatuonyesha mgongoni uzi mwekundu uliofungwa kwa msalaba na kugandishwa na lakiri, ile nta ngumu nyekundu, yenye muhuri wa askofu. Lakiri ikiwa nzima, akasema, tunajua mfupa ni wa kweli. Ikivunjika, hakuna mtu duniani anayeweza kuapa tena.

Nyinyi mliokulia karibu na makanisa makubwa hamtaelewa kijisanduku kile kilikuwa nini kwetu. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya mashahidi, mahujaji wanaotembea kwa miguu kuvuka mpaka walikuwa wakilala kwetu. Watu wa Busia, watu wa Bungoma, hata watu wa mjini wenye viatu vizuri, walikuwa wanapiga magoti kwenye sakafu yetu nyekundu na kugusisha rozari zao kwenye kioo. Kigango ambacho hakikuwa hata na kengele kilikuwa na mtakatifu.

Sasa niwaambie juu ya Tata. Tata ni nyanya kwa Kiteso, na huyu alikuwa mama yake Papa, akiishi boma moja nasi. Alibatizwa akiwa mtu mzima, na aliipenda komunyo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Jumamosi jioni alikuwa hali kitu, ati Bwana asimkute tumbo limejaa viazi. Hakujua kusoma. Basi kila nikitoka mafundisho alikuwa ananiita nimweleze tulichofundishwa, huku yeye anapepeta mtama.

Siku hiyo nilimweleza habari za mashahidi. Nilijua kusimulia, na sikumbakishia kitu: walivyofungwa kamba, walivyoviringishwa kwenye matete, moto ulivyowashwa kuanzia miguuni. Ungo ukasimama.

"Huyu wetu pia alichomwa?"

"Naye pia, Tata."

"Halafu wakamleta wakamweka kwa ukuta unaopigwa na jua la jioni."

"Ndiyo. Chini ya mabati."

"Na hakuna mtu amempoza?"

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo Papa hakupenda lisemwe nyumbani. Zamani, kwa maelezo ya Tata, mtu wetu akishazikwa na miaka kadhaa ikapita, jamaa walikuwa wanamfukua. Mifupa ilitolewa kwenye udongo na kulazwa mahali pa kivuli penye upepo, ili apoe. Maiti aliyepoa ni mpole kwa watoto wake. Aliyeachwa na joto lake anahangaika, na akihangaika nyumba nzima inahangaika naye. Tata mwenyewe alimfanyia hivyo mumewe, babu yangu, kabla Papa hajawa katekista. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuosha mtoto.

Na mwaka ule, kusema kweli, mambo hayakuwa mazuri. Mvua ilichelewa, mtama ulikunjamana shambani, watoto waliumwa, na kwaya iligombana hadi ikagawanyika mara mbili. Tata aliyaona yote kuwa kitu kimoja. "Hana hasira," alisema juu ya shahidi. "Ana joto tu. Wewe ukishikwa na homa si unakuwa mkali?"

Alianza kwa kumwendea Papa, tena kwa heshima. Papa alikuwa akinyoa ndevu. Alimwambia, "Mama, mtakatifu yuko mbinguni. Huko hakuna joto." Tata akajibu kwamba mfupa wake uko hapa. Papa akageuka na povu kidevuni: "Mama, tafadhali. Wachana na hayo. Watu watasikia." Mambo yakaishia hapo, au Papa alidhani yameishia hapo.

Jumamosi sisi wasichana wa komunyo ndio tuliokuwa tukisafisha kanisa. Funguo nilishika mimi, mtoto wa katekista, na nilizishika kwa maringo ambayo leo yananitia aibu. Nilikuwa pia na kisu cha jikoni cha kukwangua nta ya mishumaa sakafuni. Wenzangu waliposhuka kisimani kuteka maji, nilifungua kishubaka kama tulivyopatana na Tata, nikakichukua kijisanduku. Kilikuwa cha moto. Siongezi chumvi. Ukuta ule ulikuwa umeota jua tangu jana yake, na shaba ile ilinichoma kiganja. Nikajua Tata anasema kweli.

Alikuwa akinisubiri chini kwenye kijito, ndani ya kichaka chenye kivuli kizito, ametandika kitambaa kipya. Alikuwa na kibuyu kidogo cha pombe ya mtama, akamwaga tone tu ardhini. Akamwomba shahidi radhi kwa Kiteso, akisema sisi ni watu wasiojua, tulikupokea vibaya. Kisha akaniambia, "Kaa naye. Usimfungue. Mwache na nyumba yake, upepo unajua kupita." Akapanda hadi njiani kuangalia kama kuna mtu anakuja. Tulikusudia kumrudisha kabla ya wenzangu kumaliza maji.

Na mimi, mjuaji mkubwa, nikabaki nikikitazama kile kioo. Upepo utapitaje kwenye kioo? Mtu amechomwa moto, amefungiwa ukutani miaka yote hii, leo ametolewa nje na bado hapati pumzi. Sikufikiria lakiri hata kidogo, au labda niliifikiria nikaona si kitu mbele ya mtu anayeumia. Niliukata uzi. Lakiri ikapasuka, vipande vikaanguka kwenye kitambaa kama damu iliyokauka. Nikafungua. Upepo ulikuja kutoka kijitoni, nikauona ukitikisa majani, na nikafurahi kama mtu aliyempa mgonjwa maji.

Tata aliporudi alivitazama vile vipande vyekundu. Hakunipiga, hakunigombeza. Aliviokota kimoja kimoja, akavifunga kwenye ncha ya leso, akakifunika kijisanduku kwa vidole vyake vikubwa. "Haya," alisema. "Umemfungulia dirisha."

Juu kanisani tayari kulikuwa na mayowe. Wanakwaya walikuja mapema kuliko kawaida, si walikuwa wamegawanyika na kila kundi linataka kufanya mazoezi kwanza, wakakuta kishubaka kiko wazi. Papa alifika akikimbia. Alimkuta mama yake anapanda kutoka kijitoni, mimi nyuma yake.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi," akasema Tata.

"Na lakiri? Nani amekata lakiri, Mama?"

"Mimi."

Tata hakunitazama. Angenitazama ningesema, najiambia hivyo mpaka leo, lakini hakunitazama, akaniacha nyuma ya sketi yake pana nikiwa nimeshika mpini wa kisu uliochomoza mfukoni. Sentensi nilikuwa nayo, ya maneno matatu tu, na ilikataa kutoka. Kesho yake ilikuwa siku ya komunyo yangu ya kwanza. Gauni jeupe lilikuwa limeshaning'inizwa, na aliyenishonea ni yeye.

Padri alikuja jioni ile ile kwa pikipiki kuungamisha watoto, akalikuta jambo. Hakuwa mtu mbaya. Alishika kijisanduku kwa huzuni, akasema hakiwezi kurudi ukutani, lazima kiende kwa askofu. Kilienda, na hakikurudi. Kisha akaketi kusikiliza maungamo yetu. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia nimeiba sukari na nimemtukana binamu yangu. Akaniambia niende kwa amani. Amani gani?

Asubuhi nikaipokea hostia na uongo mdomoni. Nilikuwa bado naisikia imeshikamana na kaakaa wakati Papa aliposimama kusoma matangazo, maana kazi ya katekista ndiyo hiyo. Alisoma zamu ya usafi. Alisoma mkutano wa jumuiya. Kisha, kwa sauti ile ile, akasoma jina la mama yake, lile la ubatizo na lile la ukoo, akasema kwamba kwa kuvunja lakiri na kuyafanyia masalia mambo ya mila, hatapokea sakramenti mpaka atubu mbele ya waumini. Hakuinua macho kwenye karatasi. Mabati yalilia ta, na kwa mara ya kwanza nilijua dhambi hiyo ni ya nani.

Nikageuka. Tata alikuwa amekaa karibu na tundu lake, peke yake kwenye benchi la watu watano. Macho yetu yalikutana. Nilidhani atanilaumu kwa macho, na ningeshukuru. Badala yake aligusa shingo yake, akakunjua ukosi ambao haukukunjamana, mara mbili, mpaka nikaelewa: ukosi wa gauni langu ulikuwa umejikunja. Nikaurekebisha. Akaitikia kwa kichwa kwamba sasa uko sawa.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Bibi kizee, mifupa, kichaka, pombe. Watu hawahitaji zaidi ya hayo. Walisema mama wa katekista anafuga wafu. Watoto walikatazwa kula kwake, na jirani aliyekuwa akimwazima kinu aliacha kuja. Mahujaji wa mwaka uliofuata walipita barabarani bila kukata kona kuja kwetu. Mvua ilinyesha, tena nzuri, lakini nani angethubutu kusema ni kwa sababu ya nini?

Padri alimfuata Tata hadi nyumbani ili amsaidie kutubu. Nilikuwa nikimenya viazi mlangoni, nikasikia yote. Tata alikubali. "Lakiri ilikatwa, na hilo ni kosa. Nitatubu mbele ya watu wote. Lakini kumwonea huruma mtu aliyechomwa, Padri? Hilo nitubu vipi?" Padri akasema toba haigawanywi. Tata akasema basi atangoja. Mnaona? Kosa pekee alilokubali kulitubu lilikuwa langu. La kwake hakuliona kuwa kosa, na hakutaka kumdanganya Mungu ili apewe Mungu.

Akangoja hadi mwisho. Aliendelea kuja kila Jumapili, na kila Jumapili wakati wa komunyo alivuta miguu yake pembeni ili tunaokwenda altareni tupite. Nilipita mbele ya magoti yale mtoto, nikapita msichana wa sekondari, nikapita likizoni nikitoka chuo. Kila mara nilijiambia, leo nitasema. Padri akabadilishwa, akaja mwingine, na jambo likawa kama doa la ukutani ambalo watu wamelizoea. Tata alipofariki, padri kijana ambaye hakujua lolote alimzika kwa misa nzuri. Mimi nililia kuliko wote, watu wakasema, kweli mjukuu huyu alimpenda nyanyake. Nilimpenda. Ndiyo maana inaniuma.

Nilipopata kazi nzuri nilitaka kumfanyia kitu. Nikampigia simu fundi wa Malaba, nikamwambia kaburi la Tata lisibaki udongo kama la mtu asiye na watu. Alijenga kwa simiti nene, akapiga vigae vyeusi vinavyong'aa, na msalaba juu yake. Akaniuliza juu ya mti uliokuwa ukipatia mahali pale kivuli, kwamba mizizi yake itapasua simiti. Nikamwambia kata. Alinitumia picha, nami nikazionyesha wenzangu ofisini. Kijijini wakanisifu: Amoit amemheshimu nyanyake. Nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Basi siku ile ya stoo na harufu ya popo niliomba ruhusa, nikapanda basi la usiku kwenda nyumbani. Nilifika boma mchana, jua liko utosini, nikaenda moja kwa moja kaburini. Nilikuwa nimechoka, nikajikalisha kwenye ukingo wa vigae. Nikaruka! Sketi ilinigandia mapajani kwa joto. Nikasimama pale nikitazama kile kitu cheusi kinachowaka jua, kisicho na jani la kukitia kivuli, na ndipo nilipoona nilichokifanya.

Miaka yote nilidhani hatia yangu ni lakiri na ule ukimya. Ziko, wala sizikatai. Lakini nilikuwa mtoto, na watoto huogopa. Kaburi nililijenga nikiwa mtu mzima, na elimu yangu yote, na sikujiuliza hata mara moja mwenyewe angetaka nini. Mtu huyu aliacha komunyo, kitu alichokipenda kuliko chakula, kwa sababu hakuweza kukana kwamba maiti anahitaji upepo. Mimi nilikuwa mtu pekee aliyemsikiliza, nilishika kile kijisanduku cha moto kwa mkono wangu, na bado nikamfunika kwa simiti na kukata mti wake. Nilitaka tu picha nzuri ya kunituliza mimi.

Nilienda kwenye tangi, nikajaza jerikani, nikaanza kumwaga maji juu ya vigae. Yalikuwa yanakauka karibu kabla hayajafika ukingoni. Nikajaza tena. Papa alikuwa barazani. Ni mzee sasa, ukatekista aliuacha kitambo, macho yake si mazuri, lakini masikio yako vilevile.

"Amoit, unafanya nini huko?"

"Naosha vumbi, Papa."

Uongo ule ule, mdomo ule ule. Kisha nikasikia fimbo yake ikija polepole juu ya changarawe. Alisimama kando ya kaburi, akainama kwa shida, akaupitisha mkono juu ya vigae kutoka miguuni kwenda juu.

"Upande wa kichwa bado," alisema. "Asubuhi huwa namwagia mimi, kila siku. Mchana ndio unanishinda, mgongo haukubali."

Nilimtazama mtu aliyesoma lile tangazo. Ilinibidi nishike jerikani kwa mikono miwili.

"Papa," nikasema, "ile lakiri, siku ile—"

"Najua nani aliikata. Nilikiona kisu," akasema. "Mwaga maji, mwanangu. Ana joto."